Kubadilisha namna kivinjari kinavyofungua PDF: yaliyonikuta steshenari na hatua nilizochukua

#1 Dada wa Steshenari

Wakuu, habari za jioni.

Nina steshenari ndogo Morogoro: kompyuta nne, printa mbili na mashine moja ya kutoa kopi. Wateja wangu wengi ni wanafunzi na vijana wanaotafuta kazi, hivyo kutwa ninashinda na fomu za PDF. Naleta jambo hili hapa kwa sababu limemuumiza mtu, na sitaki limuumize mwingine.

Wiki tatu zilizopita alikuja binti kujaza fomu ya maombi ya kazi, kurasa saba. Alikaa kwenye mashine namba mbili karibu saa nzima. Fomu ilikuwa imefunguka ndani ya kivinjari cha Chrome, kwenye kichupo (tab), akawa anaandika humohumo kwenye visanduku. Alipomaliza akaniita nimhifadhie. Nikabofya mshale wa kupakua kule juu kulia, Chrome ikaleta machaguo mawili, nami kwa haraka ya foleni nikabofya moja bila kusoma. Nikaambatisha faili kwenye barua pepe yake, tukatuma, akalipa, akaenda zake. Siku nne baadaye akarudi na simu mkononi. Ameandikiwa kwamba fomu yake haina kitu, hata jina. Na maombi yalikuwa yamefungwa jana yake.

Yale machaguo mawili nimekuja kuyasoma baada ya kuharibu. Moja linahifadhi faili pamoja na ulichoandika, jingine linahifadhi faili asilia kama ilivyotoka kwenye tovuti. Mimi nilimhifadhia asilia. Nilimrudishia hela yake na nikamwomba radhi, lakini nafasi ya kazi sikuweza kumrudishia. Nilikosa usingizi.

Nikaamua kwamba dukani kwangu PDF isifunguke tena ndani ya kivinjari. Ipakuliwe kwanza, ikae kwenye folda, tuifungue kwa programu ya kusomea PDF, mteja ajaze, ahifadhi, tuifunge. Halafu tuifungue upya mimi na yeye, tuikague, ndipo itumwe.

Kwenye Chrome nilifanya hivi. Vile vitone vitatu juu kulia, ukaingia kwenye mipangilio, ukaenda faragha na usalama, ukaingia mipangilio ya tovuti, ukashuka mpaka mwisho kabisa ambako kuna mipangilio ya ziada ya maudhui, ukaifungua, utakuta hati za PDF. Hapo pana mambo mawili tu: zifunguliwe ndani ya Chrome au zipakuliwe. Nikachagua zipakuliwe. Kama Chrome yako ni ya Kiingereza na hutaki kuzunguka, andika hii moja kwa moja pale juu unapoandikaga anwani ya tovuti, kisha bonyeza Enter:

chrome://settings/content/pdfDocuments

Inafungua ukurasa wenyewe. Huna haja ya kuzima wala kuwasha kompyuta.

Sasa maswali yangu. La kwanza: nimebadilisha, lakini kuna tovuti mbili bado zinaonyesha PDF ndani kwa ndani. La pili: kabla sijabadilisha, kuna tovuti nyingine ilikuwa kila siku inapakua tu, haijawahi kufungua kwenye kichupo hata mara moja. Nani anayeamua hapa, mimi au tovuti? La tatu: mashine namba tatu ina Firefox, na huko sioni hicho kipengele.

Nawasilisha.

#2 Mkazi wa Kihonda

Pole sana dada, na umefanya vema kukiri. Mimi ni mmoja wa wale wanaojaza fomu kwenye kichupo halafu wanafunga. Swali langu dogo: kwenye simu je? Mimi kompyuta sina, kila kitu ni Android.

#3 Mwalimu wa Kompyuta

Dada wa Steshenari, maswali yako mawili ya kwanza ni swali moja, na ukilielewa hilo mengine yote yatakuwa mepesi. Nivumilie, nitaandika kirefu.

Chukulia mzigo unaotumwa kwa basi kutoka Dar. Juu ya boksi mtumaji anaandika mambo: ndani kuna nini, na apewe nani. Mpokea mizigo pale stendi hafungui boksi, anasoma maandishi. Seva, yaani kompyuta inakokaa tovuti, nayo inapokutumia faili inaandika juu yake maandishi ya namna hiyo kabla ya faili yenyewe kufika. Wewe huyaoni, kivinjari ndicho kinachoyasoma.

Andiko la kwanza linataja aina ya faili. Kwa PDF linatakiwa kuwa application/pdf. Kivinjari kikiliona hilo kinajua kwamba hiki ni kitu ninachoweza kukionyesha mwenyewe, kisha kinaangalia mipangilio yako wewe: umesema kifungue au kipakue? Lakini wasimamizi wengi wa tovuti huacha seva iandike application/octet-stream, ambayo maana yake ni rundo la baiti tu, aina haikutajwa. Kivinjari kikipata mzigo usiotajwa ndani mna nini, hakibahatishi, kinaupakua na kukuachia wewe.

Andiko la pili linaitwa Content-Disposition. Likisema inline, maana yake mwache aangalie hapohapo. Likisema attachment, maana yake mkabidhi akaweke kwake. Hiyo tovuti yako ambayo daima inapakua, nina hakika imeandikwa attachment au imeachwa na lile rundo la baiti. Hapo hata uiambie Chrome ifungue PDF zote, itapakua. Firefox ina tabia tofauti kidogo: itaishusha kwenye diski kwanza, halafu inaweza kukufungulia nakala hiyo iliyoshushwa.

Sasa zile tovuti mbili zinazoonyesha PDF hata baada ya wewe kukataza. Hizo hazitumii kionyeshi cha Chrome kabisa. Zimetengeneza kionyeshi chao ndani ya ukurasa, kinachora kurasa za PDF kama picha, kwa hiyo machoni pa Chrome huo ni ukurasa wa kawaida wa tovuti. Mipangilio yako haiwezi kuugusa. Tafuta kitufe cha kupakua cha tovuti yenyewe, mara nyingi kiko pembeni au juu ya hati.

Kwa hiyo kujibu swali lako: wanaamua watatu. Seva inaandika, kivinjari kinasoma na kufuata ulichokiagiza, na faili ikishatua kwenye diski anayeamua ni Windows, kwamba ukiibofya ifunguliwe na programu gani. Mtu akija kwako analalamika, jambo la kwanza ni kujua amekwama kwa nani kati ya hao. Nimeona watu wakifuta Chrome na kuiweka upya mara tatu kwa tatizo ambalo liko kwenye seva ya watu wengine.

#4 Mwalimu wa Kompyuta

Naongeza jambo la zamani kidogo, kwa sababu mtandaoni bado mna maelekezo yaliyochacha.

PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, hivyo kila mtu anaweza kutengeneza programu ya kuisoma. Lakini vivinjari vya miaka ile havikuwa na uwezo huo vyenyewe. Ulikuwa unaweka Adobe Reader, nayo inachomeka kijiprogramu chake ndani ya kivinjari. Mnaokumbuka mnajua: ukibofya PDF kompyuta nzima inaganda. Na vijiprogramu hivyo vilikuwa mlango mkubwa wa wadukuzi. Chrome ikaja na kionyeshi chake mwishoni mwa mwaka 2010. Firefox ikaweka cha kwake, kinaitwa PDF.js, kwenye toleo la 19 la Februari 2013. Kisha ile milango ya zamani ikafungwa kabisa: Chrome mwaka 2015, Firefox mwaka 2017 ikiacha kijiprogramu cha Flash peke yake.

Kwa hiyo ukikuta ukurasa unakuambia ingia sehemu ya plagini (ndivyo vilivyoitwa vile vijiprogramu), washa Adobe, ujue uliandikwa zamani. Hiyo sehemu haipo tena. Usipoteze bando.

#5 Dada wa Steshenari

Mwalimu, Mungu akubariki. Mfano wa mzigo wa basi umeniingia sawasawa. Nimeenda kwenye zile tovuti mbili na kweli kitufe kipo, kilikuwa kidogo sana pembeni na rangi yake imefifia. Miezi yote hiyo nilikuwa nikipiga picha ya skrini ukurasa kwa ukurasa ili niweze kuchapa.

#6 Karani wa Mzumbe

Nikusaidie hilo la Firefox, mimi ndicho kivinjari ninachotumia ofisini.

Fungua kichupo kipya, andika about:preferences, bonyeza Enter. Juu kuna kisanduku cha kutafuta, andika PDF. Itakuletea jedwali la aina za faili, mstari mmoja wapo ni Portable Document Format. Kulia kwake pana kishale, ukikibofya unapata orodha ndefu kuliko ya Chrome: ifungue ndani ya Firefox, ihifadhi, iulize kila mara, itumie programu ya kompyuta, au uichagulie programu nyingine wewe mwenyewe. Hapa Firefox inaishinda Chrome, kwa sababu inakuruhusu kuamua kwa kila aina ya faili, siyo PDF peke yake. Faili za Word na Excel zikishaonekana kwenye jedwali hilo nazo unazipangia.

Jambo moja liliwachanganya wengi: mpaka mwanzoni mwa 2022 Firefox ilikuwa inakuuliza kila faili, je, nifungue au nihifadhi? Toleo la 98, la Machi 2022, liliacha kuuliza, likawa linashusha moja kwa moja. Ukitaka lile dirisha lirudi kwa PDF, chagua hiyo ya kuuliza kila mara.

#7 Saiba ya Kisauni

Salaam aleikum nyote. Mimi niko Mombasa, nina saiba mwaka wa tisa huu. Dada wa Morogoro, nimesoma uzi wako tangu juu na nakuheshimu kwa ulivyojali mteja wako. Lakini nakuomba usiende mbio, kwa sababu hilo ulilolifanya mimi nililifanya zamani na likaniletea fedheha.

Niliweka mashine zote zipakue. Kazi ikawa nyepesi kweli. Baada ya miezi kadhaa akaja mzee mmoja, mtu wa mtaani kwetu, kuchapa hati ya nyumba. Akafungua folda ya vipakuliwa kutafuta faili yake. Akaniita pembeni. Akanionyesha kwenye skrini majibu ya hospitali ya jirani yake, mtu anayemjua, jina kamili juu na kipimo chini. Mle mlikuwa na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, mishahara, barua za mahakama, mikataba ya kupanga. Vya watu wa mtaa mmoja, wanaoonana msikitini na sokoni.

Yule mzee alikuwa na adabu, hakusema kwa mtu. Mwingine angesema. Na wenyewe wale watu hawakujua kwamba wameacha karatasi zao kwangu. Wao walibofya, wakaona, wakachapa, wakaenda.

Sheria nayo ipo. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ninyi Tanzania mna yenu ya taarifa binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini mimi hata kabla ya sheria, ule mtazamo wa yule mzee ulinitosha.

Kwa hiyo nikarudisha zifunguke ndani ya kivinjari. Mteja akitaka kuchapa tu, anachapa kutoka kichuponi, hakuna kinachobaki kwenye folda. Kupakua ni kwa mwenye sababu ya kupakua.

#8 Dada wa Steshenari

Kaka wa Kisauni, waaleikum salaam. Nimesoma andiko lako nikiwa dukani, nikainuka hapohapo kwenda kuangalia.

Mashine namba moja: faili 312. Namba mbili: 458. Hizo ni za tangu nibadilishe tu, pamoja na chache za nyuma. Nimeona cheti cha ndoa. Nimeona barua ya kuachishwa kazi ya mtu ninayemfahamu, ambaye mkewe hununua kalamu hapa kwangu kila wiki. Nimefunga duka saa kumi jioni nikaanza kufuta.

Sasa niko njia panda. Zikifunguka ndani, mtu anaweza kutuma fomu tupu. Zikipakuliwa, naweka siri za watu mezani. Nisaidieni, nataka njia isiyomuumiza yeyote kati yao.

#9 Mwalimu wa Kompyuta

Kaka wa Kisauni amesema jambo zito na amelisema kwa heshima. Hapa nina ya kusahihisha na ya kuongeza.

Kwanza, wengi wanadhani dirisha fiche (Incognito) linawalinda. Dirisha fiche linasahau historia na vidakuzi ukilifunga, ila faili ulizopakua ukiwa humo zinabaki kwenye diski kama kawaida. Hata ile hali ya mgeni ya Chrome ni hivyohivyo. Kwa hiyo kumwambia mteja atumie dirisha fiche kisha akapakua majibu yake ya hospitali, hujamsaidia.

Pili, msimchanganye mteja wa kuchapa na mteja wa kujaza. Ni wateja wawili. Wa kuchapa hahitaji faili ikae popote. Wa kujaza anaihitaji, na anaihitaji mahali pake mwenyewe, siyo kwenye folda ya duka.

Njia ni hii. Kwenye Chrome fungua chrome://settings/downloads, uwashe kile kipengele cha kuulizwa mahali pa kuhifadhi kila faili kabla ya kupakua. Kuanzia hapo hakuna faili itakayotua kimyakimya. Kila mara litafunguka dirisha: niiweke wapi? Mwenye flashi anaelekeza kwenye flashi yake. Asiye na flashi mfungulie folda yenye jina lake kwenye eneo-kazi, mkimaliza mnaifuta mbele yake, na mfute kwa Shift pamoja na Delete ili isiende kukaa kwenye pipa la taka. Firefox nayo ina kipengele kama hicho palepale kwenye mipangilio ya jumla, sehemu ya vipakuliwa.

Hili likishawashwa, unaweza kuacha PDF zifunguke ndani ya kivinjari au zipakuliwe, vyovyote, ukijua kwamba hakuna kitakachotua bila mtu kukiona. Mimi ningeziacha zifunguke ndani kwa ajili ya wa kuchapa, na wa kujaza nimpakulie kwa mshale fomu ikiwa bado tupu, kabla hajaandika hata herufi moja. Hapo yale machaguo mawili hayatokei, kwa sababu bado hakuna kilichobadilika.

Na kuna sababu ya usalama. Vionyeshi vya ndani ya vivinjari vimefungiwa mahali pao peke yao, PDF yenye hila haipati nafasi kubwa ya kugusa kompyuta. Faili iliyopakuliwa na kufunguliwa na programu ya zamani ambayo haijasasishwa ni habari nyingine. Tena Windows kwa kawaida inaficha herufi za mwisho za jina la faili. Faili inayoitwa barua.pdf.exe utaiona kama barua.pdf. Hiyo siyo PDF, ni programu. Washa mwonekano wa herufi za mwisho kwenye mashine zote nne, leo.

#10 Mkazi wa Kihonda

Hapo kwenye kupakua kabla ya kuandika ndipo penyewe. Naunga mkono hoja.

#11 Mama wa Safari

Samahanini kwa kuingilia. Mwanangu anaomba viza ya masomo nje. Fomu tumeipakua kwenye tovuti yao, lakini tukiifungua inatoka karatasi moja tu yenye maneno ya Kiingereza kwamba tusubiri. Tumesubiri tangu asubuhi. Mtandao uko vizuri. Nimebadilisha steshenari mbili, zote ni vilevile. Muda unaisha Ijumaa.

#12 Karani wa Mzumbe

Mama, usisubiri tena, haitakuja. Si mtandao.

Kuna fomu za PDF zilizotengenezwa kwa mfumo uitwao XFA. Kwa nje ni PDF, ndani yake ni kitu kingine, na vionyeshi vingi havikijui. Chrome na Edge, kile kivinjari kinachokuja na Windows, vikiifungua vinaona ule ukurasa wa juu tu, wa kusubiri. Ndiyo maana steshenari mbili zimetoa jibu moja, zote zinatumia Chrome.

Fanya hivi: faili uliyonayo ni nzima, usiipakue tena. Weka Adobe Acrobat Reader kwenye kompyuta, ni bure, uipate kwenye tovuti ya Adobe yenyewe. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua ifunguliwe na Acrobat Reader. Kurasa zote zitatokea. Firefox nayo kuanzia toleo la 93, la Oktoba 2021, inaweza kuonyesha fomu za XFA, lakini fomu za viza mara nyingi zina kitufe cha kuhakiki mwishoni, na hicho mimi ningekiamini ndani ya Adobe tu.

Ukikwama niandikie hapahapa.

#13 Mama wa Safari

Imefunguka. Kurasa zote zipo. Nimelia. Asanteni wanangu.

#14 Dada wa Steshenari

Mama, hongera, na mwanao Mungu amfungulie njia. Kumbe kuna siku ni lazima uitoe nje ya kivinjari, hupendi au unapenda.

Mwalimu, nimefanya yote. Limebaki moja. Mashine namba moja ni Windows 11. Nikiipakua PDF na kuibofya mara mbili, inafunguka ndani ya Edge. Sijawahi kuiomba Edge.

#15 Karani wa Mzumbe

Huyo ndiye yule mwamuzi wa tatu aliyetajwa na Mwalimu. Windows inakuja na Edge ikiwa imeshapewa PDF. Ingia mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, kisha programu za chaguo-msingi. Juu kuna kisanduku, andika .pdf pamoja na nukta yake. Itakuonyesha Edge, ibofye, uchague Acrobat Reader au nyingine uliyonayo. Edge yenyewe nayo ina kipengele kama cha Chrome, anwani yake ni edge://settings/content/pdfDocuments.

Palepale kwenye Windows, sehemu ya hifadhi, kuna kitu kinaitwa Storage Sense. Kinaweza kufuta chenyewe faili zilizoko kwenye folda ya vipakuliwa ambazo hazijafunguliwa kwa siku 1, 14, 30 au 60. Kwa duka, weka siku 1. Kisikufanye uache kufuta mbele ya mteja, ila kitaokota zile zitakazowaponyoka.

#16 Saiba ya Kisauni

Hilo la siku moja sikulijua. Tangu siku ya yule mzee nafuta kwa mkono kila usiku baada ya isha. Ahsante sana, ndugu.

#17 Fundi Simu Mwenge

Mkazi wa Kihonda, swali lako limesahaulika huko juu. Android kwa miaka mingi Chrome yake ilikuwa ikipakua PDF halafu inakuuliza ufungue na programu gani. Pale chini kuna kuchagua mara moja tu au kila mara. Watu wengi wanabofya kila mara kwa bahati mbaya, halafu PDF zote zinakwenda kwenye programu ya matangazo waliyoiweka siku moja wakaisahau.

Kuirudisha: mipangilio ya simu, programu, itafute hiyo programu, ndani yake kuna sehemu ya kufungua kwa chaguo-msingi, futa chaguo-msingi. Ukifungua PDF tena utaulizwa upya. Majina yanatofautiana kidogo kati ya Samsung, Tecno na Infinix, lakini sehemu ni hiyo. Na kuhusu bando: PDF ukiishaipakua, isome kutoka kwenye programu ya faili ya simu. Ukirudi kwenye kiungo kila siku unaweza kuilipia upya kila siku.

#18 Msimamizi wa Tovuti ya Shule

Nimesoma nikaona aibu njema. Mimi ndiye mmoja wa wale wanaoacha seva iandike rundo la baiti. Wazazi walikuwa wakinipigia kwamba ratiba ya mitihani haifunguki, inapakuliwa na hawaioni imeenda wapi. Leo nimerekebisha: ratiba zimewekwa application/pdf na inline, zinafunguka papo hapo. Fomu za kujiunga nimeziwekea attachment, zipakuliwe zikiwa tupu, kwa sababu ya yule binti. Imenichukua dakika ishirini.

#19 Dada wa Steshenari

Nimerudi kuwapa mrejesho, imepita wiki mbili.

Mashine namba moja, mbili na tatu zote zinauliza mahali pa kuhifadhi. PDF nimeziacha zifunguke ndani kwa ajili ya wanaochapa. Mteja wa kujaza, kabla hajashika kibodi namuuliza: una flashi? Kama hana, folda yenye jina lake. Fomu inapakuliwa ikiwa tupu, inafunguliwa kwa Acrobat Reader, akimaliza tunaifunga, tunaifungua tena, anasoma jina lake mwenyewe kwa sauti kutoka kwenye ukurasa wa kwanza. Halafu tunatuma. Halafu tunafuta, yeye akiangalia. Inaongeza kama dakika tatu kwa kila mtu. Foleni inalalamika, nimekubali ilalamike.

Nimebandika karatasi ukutani juu ya kila mashine. Imeandikwa: FOMU IPAKUE KABLA YA KUJAZA. USIONDOKE KABLA FAILI YAKO HAIJAFUTWA. TUITE TUKUSAIDIE.

Yule binti alirudi juzi. Kuna tangazo jingine, fomu nyingine, kurasa tano. Nilimfanyia bure. Tuliifungua mara mbili, akasoma kurasa zote tano mpaka kwenye sahihi yake.

Mashine namba nne bado. Ina Windows 7, na Chrome yake imekwama toleo la 109 kwa sababu ndilo la mwisho kwa Windows hiyo. Sitaki ifungue PDF ya mtu yeyote kwa sasa, nimeichomoa kwenye mtandao, inaandikia barua tu. Nikipata hela ya diski mpya na Windows mpya nitawaulizeni tena hapa.